Glasi za 1963, 1970 na 1977

Divai ya Port ya mwaka mmoja haitengenezwi kila mwaka. Mavuno ya bonde la Douro, kaskazini mwa Ureno, yakiwa mazuri sana ndipo kampuni hutangaza mwaka. Divai hukaa kwenye pipa miaka miwili hivi, kisha hutiwa chupani na kuachwa humo miongo mizima. Ndiyo maana wapenzi wake huongea kwa tarehe, kama wazee wanavyoongea juu ya vita na njaa.

Tulikuwa sita huko Vila Nova de Gaia, na chupa tatu. Zilisimamishwa tangu jana yake ili mashapo yatulie. Wenzangu walinusa tini kavu, ngozi, chokoleti. Mimi niliona tarehe.

Mwaka 1963 Ureno ilikuwa na miaka miwili vitani Angola, na Januari hiyo vita vikafika Gine. FRELIMO ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwaka mmoja kabla. Douro nako watu walipungua: vijana waliitwa jeshini, wengine wengi wakaenda kutafuta kazi Ufaransa. Zabibu zilizozoea kukanyagwa kwa miguu, bega kwa bega, ndani ya mabirika ya mawe, zikakosa miguu. Katika miaka hiyo kampuni zikaanza kuleta mitambo. Vita vimo ndani ya glasi, hata visipotajwa mezani.

Ya 1963 ilikuwa imepauka karibu na rangi ya chai, laini, harufu yake ndefu. Wanne waliichagua. Ya 1977, iliyovunwa miaka miwili baada ya uhuru wa Msumbiji, ilikuwa nzuri tu. Lakini ya 1970! Ina nguvu bado, na utamu wake haulemei. Iliniudhi kidogo kuipenda. Julai ya mwaka huo Salazar alikufa, na mwezi huohuo jeshi la Ureno lilikuwa likishambulia kambi za FRELIMO huko Cabo Delgado.

Mzee mmoja Mreno, mtoto wa Douro, naye aliichagua hiyo.

“Mavuno haya sikuyaona,” alisema. “Nilikuwa Mueda.”

Nikamwambia kwetu ni Mtwara, ng’ambo ya Ruvuma, na kwamba bibi yangu alipokea wakimbizi wa Kimakonde nyumbani kwake.

“Wangapi?” aliuliza.

“Saba. Wawili walizikwa kwetu.”

Aliiweka glasi chini, akaniuliza majina yao.