Kiwanja Kabla ya Ukumbi: Sikukuu za Familia Zetu wa Temeke

Kijarida cha mwaka huu kinaomba fedha za kiwanja. Wapo wanachama waliouliza, tena kwa haki kabisa, kwa nini chama ambacho kila mwaka huzungumza habari za madawati, vyoo vya shule na mitaro kigeukie mambo ya sikukuu. Wengine wamesema wazi kwamba, kama ni kujenga, tujenge ukumbi wa harusi tupate kodi. Hoja hiyo tumeisikia na tutaifikia. Kwanza tumeona ni vema tukumbushane sikukuu zenyewe zilikuwa wapi, na nani aliweza kwenda.

Tuanze na wenyeji. Kabla ya kuwa na mji, kulikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi, na nyuma yake Uzaramo yote hadi bara. Sherehe kubwa ya familia ya Kizaramo ilikuwa kutoka kwa mwali. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa na somo na shangazi zake, akina mama wakamwimbia chini ya mti wa mkole, na siku ya kutolewa ukoo wote ukajaa uwanjani. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi Bunju katika miaka ya 1960 akaziandika mila hizo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Wakati ule Bunju ilikuwa kijiji, leo ni kata ya Kinondoni yenye foleni ya magari. Jambo la kuangalia hapa ni mahali. Mafunzo yalikuwa ya ndani, tena ya siri, lakini furaha ilikuwa ya nje. Mwali alibebwa mabegani, akapambwa, akatunzwa mbele ya kila mtu, na jirani asiye na undugu wowote alisimama pale pale akacheza. Hakuna aliyeulizwa kadi.

Mji ulipokuja ulikuja na karamu ya namna nyingine. Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, aliwaalika wawakilishi wa mataifa ya nje kwenye karamu kubwa mwaka 1867 ili wauone mji wake mpya. Ilikuwa sherehe ya walioalikwa. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora, hadi Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliugawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo waliacha eneo wazi ili watu wasichanganyike. Eneo hilo ndilo Mnazi Mmoja. Hapa wazee wetu walifanya jambo ambalo mpangaji wa mji hakulitegemea: eneo lililoachwa ili kuwatenga watu waligeuza kuwa mahali pa kukutania. Iddi ilikuwa Mnazi Mmoja. Familia zilitoka Keko, Chang'ombe na Temeke kwa miguu, baba mbele na kanzu iliyopigwa pasi ya mkaa, mama na kanga mpya, watoto nyuma wakiwa na nguo za sikukuu na senti walizopewa na wajomba baada ya kuwapa mkono. Senti hizo zilikuwa na kazi tatu tu: pembea, barafu na karanga. Zikiisha, mtoto alibaki kuangalia, na kuangalia nako kulikuwa starehe.

Ngoma za mjini nazo zilihitaji nafasi. Wazee wanalikumbuka zaidi beni, lililoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 likafika Dar es Salaam na kugawa mji kati ya Marini na Arinoti. Walivaa sare, wakapiga gwaride, wakapeana vyeo vya kijenerali na kifalme, wakashindana kwa karamu hadi wengine wakabaki na madeni. Serikali ya kikoloni haikuzipenda sana sherehe hizi. Kupiga ngoma mjini kulihitaji kibali, na mpiga ngoma asiye nacho aliweza kujikuta mbele ya hakimu. Tunalitaja hili kwa sababu wapo vijana wanaodhani kwamba ugomvi wa mtaa na dola kuhusu makelele ya usiku ulianza na vigodoro. Ni ugomvi wa zamani.

Na kuna faida iliyotoka kwenye ngoma hizo ambayo vitabu vya shule huipita haraka. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake wajiunge, haikuwakuta ofisini wala shuleni. Iliwakuta kwenye vikundi vya ngoma. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba hapa Dar es Salaam, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya lelemama na vinginevyo akawaomba wawalete wenzao. Wanawake wale walikuwa wamezoea kuchangishana, kushona sare, kuitana kwa haraka na kujaa uwanjani. Chama kilipata kila kitu kikiwa tayari. Mwanamke aliyeonekana anapoteza wakati ngomani ndiye aliyeuza kadi za uhuru mtaa kwa mtaa.

Temeke yenyewe kama mtaa uliopimwa ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati serikali ilipopanua makazi ya Waafrika Ilala, Temeke na Magomeni, kisha Kinondoni. Watu waliotoka Rufiji, Kisarawe, Mkuranga, Kilwa, Lindi, Uluguru na kwingineko wakawa majirani wa ukuta kwa ukuta. Kila mmoja alikuja na ngoma yake, na Jumamosi jioni zilisikika zote kwa pamoja. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 historia ilitufuata huku huku kwetu. Bendera ya Uingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapandishwa katika Uwanja wa Taifa, ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru na uko ndani ya Temeke. Wageni wakubwa walikaa jukwaani, akiwemo Prince Philip aliyemwakilisha Malkia. Familia zetu zilikuwa nje na ndani, watoto migongoni, maana lilikuwa jambo la kusimuliwa kwa wajukuu.

Sikukuu iliyo yetu hasa, hata hivyo, ni Saba Saba. Asili yake ni 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa. Kwa miaka mingi ilikuwa pia sikukuu ya wakulima nchini kote, hadi katika miaka ya 1990, baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi, wakulima walipopewa Nane Nane na Saba Saba ikabaki na biashara. Maonesho yake ya kimataifa yanafanyika katika uwanja wa Barabara ya Kilwa unaobeba jina la Mwalimu Nyerere, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai. Taifa zima linaona kwenye televisheni mabanda na mawaziri. Sisi tunaona jambo jingine: siku ambazo mji mzima unakuja kwetu.

Mtu wa Mbezi au Tegeta akitaka kwenda Saba Saba anapanda daladala mbili. Mtu wa Temeke anafunga mlango na kuondoka. Ndugu wa mikoani hupanga safari zao ziangukie Julai, hulala sebuleni kwetu wanne wanne, na mwenye nyumba hupika ubwabwa wa sufuria kubwa bila kulalamika, au akilalamika ni kwa sauti ndogo. Miaka ya mwanzo ya 1980, madukani kulipokuwa hakuna kitu na sukari inapangiwa foleni, uwanja ule ulikuwa mahali ambapo mama aliweza kuona kwa macho yake kitenge cha Urafiki, sabuni na sufuria vikiwa vimepangwa kwenye meza. Wengi hawakununua. Walivishika, wakauliza bei, wakarudi nyumbani na mazungumzo ya mwezi mzima.

Watoto walikuwa na ratiba yao ambayo haijabadilika sana. Kwanza banda la Maliasili, kumwona simba. Simba mwenyewe mara nyingi alikuwa amelala, na hasira ya mtoto aliyesubiri foleni nzima akaona mgongo tu inajulikana katika kila nyumba ya Temeke. Halafu mabanda ya majeshi, kisha samani za Magereza, ambako baba alisimama muda mrefu kuliko wengine wote akigonga gonga kabati. Mwisho picha ya familia, kila mtu amesimama wima kama yuko kwenye gwaride, mtoto mdogo akiwa na miwani ya jua ya plastiki iliyonunuliwa dakika tano zilizopita. Picha hizo zipo kwenye kuta zetu. Ukizipanga kwa miaka utaona familia inavyokua, na utaona pia mwaka ambao mtu fulani hayupo tena.

Lakini Saba Saba ni ya kiingilio, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu. Baba mwenye watoto watano anapiga mahesabu getini, na siku hizi tunawaona wengi wakifanya nusu: mama anaingia na wadogo, baba anabaki nje na wakubwa kwenye vibanda vya mihogo. Wapo wanaoishia nje wote, wanasikiliza muziki unaovuka ukuta.

Ndiyo maana sikukuu ndogo ndogo za viwanja vya wazi zilikuwa na thamani kuliko tulivyotambua. Taja jina la kiwanja chochote cha pembezoni mwa Dar es Salaam na utakuwa umetaja kumbukumbu za maelfu ya watu: Mwembe Yanga hapa Temeke, Zakhem kule Mbagala, Biafra kwa wenzetu wa Kinondoni, Tanganyika Packers ya Kawe. Tumevizoea kama viwanja vya mikutano ya siasa na mahubiri. Ni kweli, lakini katikati ya mikutano hiyo kulikuwa na Iddi ya watoto, fainali za mpira wa mtaa na mtu na mkewe waliotoka jioni kutafuta pweza. Kinondoni wana bahati nyingine, Kijiji cha Makumbusho kilichopo Barabara ya Bagamoyo tangu miaka ya 1960, ambako jamii mbalimbali zimekuwa zikipewa siku zao za kuonyesha nyumba, vyakula na ngoma. Mtoto wa mjini aliyezaliwa na Mmakonde na Mnyaturu aliweza kuwaona babu zake pande zote mbili kwa nauli ya daladala na kiingilio kidogo. Upande wa Temeke hatuna kitu cha namna hiyo.

Mitaani kwetu nafasi imekwisha. Uwanja wa mbele wa nyumba umekuwa fremu za maduka, na uchochoro uliobaki ni wa bodaboda. Sherehe haikufa, ilihamia barabarani. Vigodoro vilizaliwa hapo: turubai linafungwa kati ya nyumba mbili, spika zinapangwa hadi urefu wa paa, mchiriku na baadaye singeli vinapigwa mpaka alfajiri, na mgonjwa wa nyumba ya tatu anageuzwa geuzwa kitandani. Serikali imevipiga marufuku zaidi ya mara moja. Sisi hatuvitetei, hasa yale yanayotokea baada ya saa sita usiku mbele ya watoto. Ila hatukubaliani na wanaosema kwamba vijana wa siku hizi wameharibika tu. Ngoma ya mwali ilikuwa na uwanja, bibi aliyekaa kwenye kigoda akiangalia, na saa ya kumalizika. Ukiondoa uwanja, bibi naye anakosa pa kuweka kigoda.

Sasa hoja ya ukumbi. Ni kweli ukumbi unaingiza kodi. Lakini kumbi Temeke zipo, na kila mmoja wetu anajua namna zinavyofanya kazi: kadi ya mchango, kadi ya mwaliko, mlangoni kijana mwenye orodha, na watoto wanaombwa wabaki nyumbani. Kamati za harusi zimetuzoesha kwamba sherehe ni kitu cha kulipia miezi mitatu kabla. Ukumbi mwingine utawahudumia wale wale wanaohudumiwa tayari. Mjane wa mtaa wetu mwenye wajukuu wanne hataingia humo hata siku moja, isipokuwa kuosha vyombo.

Kiwanja tunachokisema wengi mnakijua, kile kilichobaki nyuma ya shule, ambacho tayari pembe moja imeanza kuwekwa matofali usiku usiku. Kamati imeomba mambo yaende kwa mpangilio. Fedha zitakazopatikana kwanza zitalipia upimaji na kuweka bikoni, kwa sababu bila mipaka hatuna cha kulinda. Kisha tutapanda miarobaini na miembe upande wa magharibi, ambako jua la saa kumi huchoma, tutavuta bomba moja la maji na kujenga vyoo, vya wanawake kando na vya wanaume kando. Uzio utakuwa wa miti, si ukuta. Akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa wameomba wasimamie meza za vyakula siku za sikukuu, na kamati imekubali. Wazee watatu wamejitolea kusimamia saa ya kufunga muziki, saa nne usiku, na mmoja wao amesema kigoda atakuja nacho mwenyewe.

Tunatarajia upimaji ukamilike kabla ya Iddi ijayo. Fomu ya ahadi imebandikwa ndani ya jalada la nyuma, na kwa walio mbali, mweka hazina anapokea michango kwa simu kama miaka mingine. Mwenye picha ya zamani ya familia aliyopiga Saba Saba au Mnazi Mmoja atuletee tuichukue nakala, tunataka kuzitundika siku ya kufungua.