Mambo ya kuzingatia kabla ya kugeuza breki za drami kuwa za diski

WENYE magari madogo aghalabu huambiwa gereji kwamba gari lenye drami katika magurudumu ya nyuma limepitwa na wakati, na kwamba dawa yake ni kuziondoa na kutia diski. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, kazi hiyo ikifanywa kiholela, gari huweza kuwa hatari kuliko lilivyokuwa likitumia drami.

Drami ni mfano wa sufuria iliyolazwa ubavu na inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna shuu mbili zilizojipinda kama mwezi mchanga. Dereva akanyagapo breki, silinda ndogo huzitanua shuu hizo zikasugua ukuta wa drami. Mzunguko wenyewe huivuta shuu moja na kuikaza zaidi, hivyo nguvu ndogo ya mguu hutosha.

Kasoro yake ni joto. Drami ikipata moto hutanuka na kujitenga na shuu. Dereva ateremkaye kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu huku amekanyaga breki muda wote huenda akahisi pedali ikizama pasipo gari kupunguza mwendo. Diski, kwa upande wake, hukaa wazi, hupozwa na upepo na hukauka upesi baada ya gari kupita majini.

Ubora huo ulidhihirika mwaka wa 1953, gari la Jaguar C-Type lililofungwa diski liliposhinda mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa. Miaka miwili baadaye, Citroën DS ilitoka kiwandani ikiwa na diski mbele.

Ikumbukwe kuwa DS ilibaki na drami nyuma, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Gari lifungapo breki, uzito wake huinamia mbele, na magurudumu ya mbele hufanya takriban asilimia 70 ya kazi au zaidi. Nyuma huwa pepesi. Magurudumu ya nyuma yakikaba kabla ya yale ya mbele, mkia wa gari huchopoka na gari likageuka lilikotoka. Katika barabara yenye matope au mvua, dereva hana nafasi ya kulirejesha.

Kwa sababu hiyo, kiwanda hupima shinikizo la mafuta ya breki liendalo nyuma na kulipunguza kwa vali maalumu. Vali hiyo ilipimiwa drami, ambazo hujikaza zenyewe. Diski haijikazi, hivyo huhitaji shinikizo tofauti. Fundi akibadilisha vyuma vya magurudumuni na kuiacha vali ile ile, breki za nyuma huweza kuwa dhaifu au kali kupita kiasi, kutegemea ukubwa wa kalipa alizofunga.

Kuna pia silinda kuu, ile isukumwayo na pedali. Bastola za kalipa ni pana na huhitaji mafuta mengi kuliko silinda ndogo za drami. Silinda kuu isipotosha, pedali hushuka hadi karibu na sakafu. Isitoshe, baadhi ya magari ya zamani yana vali inayobakiza shinikizo kidogo katika paipu za drami. Ikiachwa hapo, pedi husugua diski wakati wote, zikachemka na kula petroli bure.

Jambo linalosahauliwa mno ni breki ya mkono. Si kila kalipa ina mkono wa kuvutwa na kebo. Nyingine hutegemea drami ndogo iliyofichwa katikati ya diski. Ukinunua diski na kalipa bila vifaa hivyo, utapata gari lisiloweza kuegeshwa mlimani.

Njia iliyo salama ni kutafuta vipuri vya gari la aina hiyo hiyo lililotoka kiwandani na diski nyuma. Subaru Impreza ni mfano mzuri: zile za injini ndogo zilitengenezwa na drami nyuma ilhali WRX ilipewa diski. Vinunuliwe vyote kwa pamoja kutoka gari moja, zikiwemo kebo, paipu na vali. Gari lenye ABS huhitaji uangalifu zaidi, na rimu ndogo huenda zisiikwepe kalipa. Kadhalika, kampuni ya bima ijulishwe.

Kwa maoni ya mwandishi, wengi wanaotaka mageuzi haya hawayahitaji. Pedi mpya za mbele, magurudumu yasiyo vipara, shuu zilizorekebishwa na mafuta mapya ya breki vitawasaidia zaidi kwa gharama ndogo. Mafuta hayo hufyonza unyevu: aina ya DOT 4 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini ikishaingiwa na maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Hata Volkswagen ilirejea kwenye drami za nyuma katika gari lake la umeme la ID.3, kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo na diski zisizotumika hushika kutu.

Aliyekwisha kubadilisha asiingie barabara kuu siku hiyo. Atoe hewa yote katika paipu, kisha atafute uwanja mtupu na kukanyaga breki kwa mwendo wa chini, akiongeza kidogo kidogo, huku mtu aliyesimama kando kwa mbali akitazama ni magurudumu yapi yanayokaba kwanza. Yakiwa ya nyuma, gari lirudishwe gereji likivutwa.