Lebo za Langas

Nguo ikifika Langas, mtaa wa Eldoret, huwa haijamaliza kushonwa. Iwe imetoka dukani katikati ya Eldoret au kwenye beli la mitumba, itapita kwanza kwa fundi: kiuno kipunguzwe, pindo lishushwe, zipu ibadilishwe. Anayetaka kujua wanawake wa mtaa huu wamejipamba vipi tangu Uhuru, asianzie kwenye picha za harusi. Aje aokote vipande chini ya cherehani yangu.

Cherehani nayo ilikuja na mafunzo yake. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilipoanzishwa mwaka wa 1952, chini ya serikali ya kikoloni, wanawake walifundishwa kushona na kufuma pamoja na usafi wa nyumba na malezi. Sifa ya mke ilionekana kwenye kitambaa cha meza alichokitarizi. Marehemu mama alijifunza kushona kwenye kikundi cha namna hiyo, kisha akaanza kuwashonea majirani kwa pesa. Somo la kumtuliza nyumbani likamfungulia biashara.

Mwaka wa 1976 mji ukapata kiwanda cha Rivatex. Pamba iliingia pale, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi, ikatoka leso, kitenge na shuka za kitanda. Shida ya kitambaa cha kiwanda ni kwamba kila mtu anacho. Jumapili moja kanisani ungeona maua yale yale kwa mke wa mwalimu na kwa muuza mboga. Tofauti ilikuwa kwenye mshono: huyu mabega yamejazwa, yule marinda hadi kwenye kifundo cha mguu. Fundi ndiye aliyewatenganisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti ya uagizaji, mitumba ikamwagika. Rivatex, iliyokuwa pia na madeni na matatizo ya usimamizi, iliishia mikononi mwa wafilisi, hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka wa 2007. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka huo zilipoikumba Langas, vibanda viliteketea na majirani wakatawanyika. Cherehani ni kitu kizito kukimbia nacho.

Mitumba iligeuza kazi yetu. Beli likifunguliwa, wa kwanza kuchagua huondoka na kamera, nguo safi kama mpya. Wa mwisho huachiwa fagia, yaani mabaki. Nguo hizo zilikatwa kwa kipimo cha mwili wa kwingine. Gauni humkaa mteja mabegani, likamkataa makalioni, nami hulifumua ubavuni na kuongeza kipande cha pembetatu. Kisha huja ombi ambalo mama hakuwahi kulisikia: "Hii lebo usiitoe." Wengine huniletea lebo ya koti lililochakaa niihamishie kwenye sketi niliyoishona mwenyewe. Sketi hiyo huuzwa ghali zaidi, na jina langu halimo.

Ndipo nikaanza kuzihifadhi zile lebo zinazotupwa. Mwanafunzi mmoja, mteja wangu, alinionyesha kwenye simu kazi za msanii Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka wa 1972. Hukata miguu, midomo na vito kutoka magazeti ya mitindo, akaviunga na michoro ya vitabu vya tiba, akapata wanawake wanaovutia na kutisha kwa pamoja. Mwaka wa 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Sikushangazwa na mkasi wake. Nilishangaa kwamba maungio yameachwa yaonekane, wakati mimi hulipwa kuyaficha.

Sasa nina kipande cha marekani ukutani ninachokishonea vifungo, ncha za leso, picha za warembo zilizokatwa magazetini, na lebo za Ulaya na Asia. Uzi ni mwekundu, makusudi. Wateja hukitazama wakisubiri, na bila kuulizwa huanza kusimulia: gauni la kwanza kununuliwa kwa mshahara wao, sketi ambayo mume aliikataza. Mmoja aliniomba nigeuze gauni lake na kutarizi jina langu ndani ya ukosi, panapokaa lebo. Nilimtoza bei ya gauni zima.