Mfuko wa Hewa wa Gari

Mfuko wa hewa, au eabegi kama mafundi wanavyouita, hufichwa ndani ya usukani na dashibodi. Gari likigonga kwa nguvu, kihisio huwasha kemikali, gesi hujaa na mfuko hufumuka kwa takriban milisekunde 30, kabla kope haijafumba. Kasi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba mfuko ni msaidizi wa mkanda, si mbadala wake. Dereva anayetoka Bariadi kwenda Lamadi bila mkanda hurushwa mbele na kuukuta mfuko bado unafumuka, ukamuumiza uso na shingo. Wapo wanaodai mkanda humnasa mtu gari likiwaka moto. Lakini ajali za moto ni chache, na aliyefunga mkanda ndiye mwenye nafasi kubwa ya kubaki na fahamu akaufungua. Kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani, na mtoto mchanga asipakatwe mbele kamwe. Magari mengi ya Tanzania huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, hivyo namba ya chesisi ihakikiwe: mamilioni ya mifuko ya kampuni ya Takata yaliitwa kurekebishwa kwa sababu joto na unyevu viliharibu kemikali yake, na vipande vya chuma vilivyoruka mifuko ilipofumuka vikaua watu. Taa ya eabegi ikiendelea kuwaka baada ya injini kuwashwa, mfuko huenda usifumuke kabisa.