Lugha ya Darasa la Hisabati: Funzo kutoka Milano, 1748

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa hisabati, fizikia au uhandisi hamalizi masomo yake ya chuo kikuu bila kupitia somo la milinganyo tofautishi. Mlinganyo wa kawaida hutafuta namba isiyojulikana. Mlinganyo tofautishi hueleza kasi ya mabadiliko ya kitu, kisha hutaka tutambue mwenendo wake mzima. Chungu cha maji yanayochemka kikiepuliwa, kasi ya kupoa kwake huwiana na kiasi ambacho joto lake limezidi joto la hewa. Kutokana na kauli hiyo moja, mwenye elimu hii aweza kukadiria joto la maji hayo baada ya saa nzima.

Nchini kwetu somo hili hufundishwa kwa Kifaransa. Hata hivyo, Lubumbashi au Kisangani, wanafunzi wakishatoka darasani, aghalabu huelezana kwa Kiswahili yale yaliyowatatiza. Pamoja na hayo, wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba taaluma ya namna hii. Katika makala haya tunakusudia kuipima hoja hiyo kwa kurejea historia ya somo lenyewe.

2. Elimu iliyotawanyika

Mwaka 1684 Leibniz alichapisha kanuni za ukokotoaji wa tofauti ndogo mno katika jarida la Acta Eruditorum la Leipzig, kwa Kilatini. Kati ya 1691 na 1692 Johann Bernoulli alimfundisha faraghani mkabaila wa Kifaransa, de l'Hôpital, ambaye mwaka 1696 alitoa kwa Kifaransa kitabu cha kwanza cha kufundishia elimu hiyo. Lakini kitabu hicho kiliacha nje nusu ya pili, yaani kurudi kutoka kasi ya mabadiliko hadi kitu chenyewe. Na milinganyo tofautishi imo katika nusu hiyo. Mihadhara ya Bernoulli juu ya sehemu hiyo haikuchapishwa hadi 1742. Nchini Italia, Gabriele Manfredi aliandika juu ya milinganyo hiyo mwaka 1707, naye pia kwa Kilatini. Kwa hiyo mwanafunzi asiye na mwalimu hodari alilazimika kuokota maarifa huku na huku, katika majarida na vitabu vya lugha za kigeni.

3. Kitabu cha Agnesi

Maria Gaetana Agnesi alizaliwa Milano mwaka 1718. Tangu 1740 aliongozwa na mtawa Ramiro Rampinelli, na mwaka 1748 alichapisha Instituzioni analitiche ad uso della gioventù italiana, juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya elfu moja. Kitabu kinaanzia aljebra na kupanda ngazi kwa ngazi hadi sehemu ya nne, ambayo ndiyo ya milinganyo tofautishi. Jacopo Riccati, mtaalamu mashuhuri wa milinganyo hiyo, alisoma rasimu na kumpatia baadhi ya mbinu zake.

Lililo muhimu kwetu ni lugha. Agnesi hakukimbilia Kiitaliano kwa kukosa Kilatini. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alikwisha kutoa hotuba ya Kilatini kutetea elimu ya wanawake. Jina la kitabu linaeleza nia yake: kiliandikwa kwa matumizi ya vijana wa Italia. Uamuzi huo haukukishushia hadhi. Mwaka 1750 Papa Benedikto wa 14 alimteua katika Chuo Kikuu cha Bologna, ingawa hakupata kufundisha huko. Juzuu ya pili ilitafsiriwa kwa Kifaransa mwaka 1775. John Colson, profesa wa Cambridge, alijifunza Kiitaliano uzeeni ili akitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza. Tafsiri yake ilitoka 1801, miaka mingi baada ya kifo chake. Basi wageni waliifuata lugha kwa sababu ya elimu iliyomo ndani yake.

4. Hatari ya istilahi

Tafsiri hiyo ya Colson ina funzo jingine. Agnesi alieleza mchirizo mmoja uitwao versiera, neno lenye asili katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugeuza. Colson alilichanganya na avversiera, yaani mke wa shetani, akaandika kwa Kiingereza neno lenye maana ya mchawi. Hadi leo vitabu vya Kiingereza huuita mchirizo huo mchawi wa Agnesi. Istilahi ambayo mzizi wake haueleweki hupotosha hata mabingwa. Kinyume chake, neno mlinganyo hujieleza lenyewe, kwani limetokana na kitenzi lingana.

5. Hitimisho

Historia hii isitufanye tutie chumvi. Kati ya 1768 na 1770 Euler alichapisha kwa Kilatini juzuu tatu zilizokizidi kitabu cha Agnesi kwa upana na kina. Lugha ya mawasiliano ya wataalamu wa mataifa ina kazi yake, na lugha ya kumfikisha kijana kwenye maarifa ina kazi yake. Kosa ni kudhani kwamba ya kwanza huiondoa ya pili.

Kiitaliano hakikungoja kuhakikishiwa uwezo wake ndipo kitumike. Kilipata uwezo huo kwa kutumiwa na mtu aliyelimudu somo lake na aliyewajali wanafunzi. Tanzania imefundisha hisabati ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967, kwa hiyo msingi wa maneno upo. Kilichosalia ni kazi ya pamoja kati ya idara za isimu na idara za hisabati: kuandaa, sambamba na mihadhara ya Kifaransa, maelezo ya Kiswahili yaliyopangwa hatua kwa hatua. Kazi hiyo inaweza kuanzia kwenye maelezo ambayo wanafunzi wetu tayari wanapeana nje ya darasa, yakakusanywa, yakasahihishwa na kuchapishwa.