Vibonyezo 61 si nusu ya kinanda

Majuzi nilialikwa katika kikao cha kamati ya kwaya iliyokuwa imechanga pesa za kununulia kinanda. Pesa zenyewe zilikuwa za harambee, na pesa za harambee hazina mchezo. Ukizitumia vibaya, utaulizwa na mama muuza mboga aliyetoa shilingi hamsini. Mbele ya kamati palikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa piano ya umeme yenye vibonyezo 88. La pili lilikuwa kinanda cha midundo, kile ambacho mkono wa kushoto ukigusa, ngoma, besi na gitaa huitikia vyenyewe, nacho kilikuwa na vibonyezo 61.

Mwenyekiti alikuwa ameshakata shauri. "Kama ni kununua, tununue kitu kamili. Hiki cha 61 ni nusu kinanda."

Kijana mpigaji akajaribu kujitetea: "Lakini Mzee, mimi ndiye hukibeba kwa matatu tukienda mazishini." Hakuna aliyemsikiliza. Hatimaye mzee akanigeukia mimi: "Prof, hebu tuambie, hivi vingine 27 vimekatwa na nani?"

Lilikuwa swali la utani, lakini lina uzito, kwa sababu kila wiki humu nchini kuna kwaya, bendi au mwimbaji wa harusi anayetoa pesa nyingi kwa kuamini kwamba wingi wa vibonyezo ndio ubora wa kinanda. Kabla ya kulijibu, tuanze na maneno yenyewe, maana ndiyo yaliyotuchanganya.

Neno 'kinanda' halikuwa na uhusiano wowote na vibonyezo hapo awali. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani lilitaja ala ya nyuzi, jamii ya gambusi. Baadaye likapanuka likabeba ogani, piano na hata mashine ya kuchezea santuri. Leo vijana husema 'kibodi', na kile kinachobonyezwa hukiita 'kii'. Shida ni kwamba 'kii' hiyo hiyo ndiyo mwimbaji anayoitaja anapomwambia mpigaji, "Nipe kii ya G", akimaanisha kiwango cha sauti atakachoimbia. Ndiyo maana katika makala haya nimechagua 'kibonyezo'. Nacho kinanda chenye midundo ya kujiendesha napendekeza tukiite 'kinanda sindikizi', kwa kuwa kazi yake ni kumsindikiza mwimbaji. Tukilikubali jina hilo, nusu ya mgogoro wa kamati ile imetatuka, kwani tutakuwa tumetambua kwamba kinanda sindikizi na piano ni ala mbili zenye kazi mbili.

Sasa turejee kwenye hesabu. Dhana ya mwenyekiti ni kwamba 88 ndiyo idadi kamili tangu mwanzo, na kwamba idadi nyingine zote ni vipande vyake. Historia inakataa. Bartolomeo Cristofori, fundi aliyewatumikia watawala wa ukoo wa Medici mjini Florence, ndiye anayetambuliwa kuwa mbunifu wa piano, mnamo mwaka 1700 hivi. Kati ya piano zake zilizosalia, ile ya 1722 na ile ya 1726 zina vibonyezo 49 tu. Piano ambayo Mozart aliimiliki mjini Vienna, kazi ya fundi Anton Walter, ilikuwa na oktava tano. Oktava ni umbali wa kutoka do ya chini hadi do ya juu, na kila moja ina vibonyezo 12, vyeupe na vyeusi. Zidisha kwa tano, ongeza kimoja cha kufungia, unapata 61. Naam, 61! Sijui nani angethubutu kumwambia Mozart kwamba anapigia nusu kinanda.

Idadi hiyo iliongezeka kwa kuwa kazi ilibadilika. Kumbi zilikuwa kubwa zaidi, watunzi walidai sauti za chini na za juu zaidi, na mafundi wakaimarisha fremu ili zihimili mvuto wa nyuzi nyingi. Mwaka 1803 Beethoven alipata piano ya Erard wa Paris yenye oktava tano na nusu. Mwaka 1818 akapokea ya Broadwood wa London yenye oktava sita. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Steinway ikawa inaunda piano za vibonyezo 88, na wenzake wakaifuata. Hata hapo hesabu haikufungwa, kwa maana Bösendorfer wa Vienna wana piano kubwa yenye vibonyezo 97. Ikiwa ukamilifu ni wingi, basi hata piano ya 88 aliyoitaka mwenyekiti ina upungufu wa vibonyezo tisa.

Kinanda sindikizi hakikutokana na piano hiyo inayozidi kurefuka. Kina ukoo wake. Mwaka 1935 Laurens Hammond wa Chicago alileta sokoni ogani ya umeme yenye safu mbili za vibonyezo, kila safu 61. Katika miundo yake maarufu, upande wa kushoto wa kila safu uliongezwa vibonyezo 12 vyenye rangi zilizogeuzwa, vyeupe vikawa vyeusi na vyeusi vikawa vyeupe. Hivyo havikutoa noti yoyote. Vilikuwa vya kuchagulia aina ya sauti. Kibonyezo kikawa amri. Kisha mwaka 1963 huko Birmingham, Uingereza, ikatoka Mellotron, ala iliyotumia kanda za sauti zilizorekodiwa. Ilikuwa na safu mbili za vibonyezo 35 zilizowekwa ubavu kwa ubavu. Ya kulia ilikuwa ya kupigia wimbo, ya kushoto ikaamsha midundo na sauti za kusindikiza. Ugawaji huo wa kazi ndio uti wa mgongo wa kinanda sindikizi hadi leo.

Wapenzi wa rege, ambao Kenya haijawahi kuwakosa, wanajua mfano mwingine japo pengine bila kujua kwamba wanaujua. Mdundo wa 'Sleng Teng', uliovuma Jamaika mwaka 1985 kwa sauti ya Wayne Smith na utayarishaji wa King Jammy, ulitoka ndani ya kinanda kidogo cha Casio, MT-40, kilichoanza kuuzwa mwaka 1981. Kilikuwa na vibonyezo vidogo 37, pamoja na vingine 15 vya besi. Kwa kinanda ambacho wengi wangekiona cha watoto, muziki wa taifa zima ulichukua mkondo mpya.

Lakini hatuna haja ya kwenda Jamaika. Tazama pwani yetu. Katika taarabu ya Mombasa yenye ladha ya Kihindi, ile aliyoivumisha marehemu Juma Bhalo, ala mojawapo muhimu ni hamoniamu. Asili yake ni Ufaransa, katika karne ya 19, ambako ilipigwa kwa mikono miwili huku miguu ikipuliza hewa. Mafundi wa India waliipunguza ikawa kijisanduku cha kuwekwa sakafuni, na kazi ya kupuliza wakaihamishia mkono wa kushoto. Aghalabu ina vibonyezo 39 au 42, na vyote hivyo huhudumiwa na mkono mmoja wa kulia. Ala nyingine ni taishokoto, iliyobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Nayo hugawa mikono vivyo hivyo, kwani mmoja hubonyeza vitufe na mwingine hupiga nyuzi. Wapigaji wetu basi wameishi muda mrefu na ala ambazo mkono mmoja huimba na mwingine huhudumu.

Hapa ndipo tunapopata jibu. Katika kinanda sindikizi mkono wa kushoto haupigi besi, huiamuru mashine ipige. Katika vinanda vingi vya vibonyezo 61 mpaka wa amri huwekwa takriban oktava moja na nusu kutoka kushoto, ingawa mpigaji anaweza kuusogeza. Tukichukua vibonyezo 19 kuwa vya amri, mkono wa kulia unabaki na 42. Idadi hiyo ni ile ile ya hamoniamu! Kwa hiyo swali la mpigaji si "kina vibonyezo vingapi?" bali "mkono unaoimba umebakiziwa vingapi?" Vibonyezo 42 ni oktava tatu na nusu, ilhali waimbaji wengi hawavuki oktava mbili katika wimbo mmoja. Hata kwaya ya sauti nne, kutoka besi ya chini hadi soprano ya juu, huenea ndani ya oktava tatu na nusu hivi. Kinanda cha 61 kina tano.

Fauka ya hayo, kuna suala la mgongo na nauli. Upana wa vibonyezo peke yake ni kama sentimita 85 kwa kinanda cha 61, 106 kwa cha 76, na 122 kwa cha 88. Ongeza kasha na uzito wa vibonyezo vilivyotiwa vizani kuiga piano, kisha uombe kiti kwenye matatu siku ya Jumamosi.

Sisemi kwamba 61 inamfaa kila mtu. Mpigaji anayegawa upande wa kulia mara mbili, zumari huku na fidla kule, atabanwa; huyo anufaike na 76. Anayejifunza piano kwa ajili ya mitihani, au anayepiga besi kwa mkono wake mwenyewe, anahitaji 88 zenye uzito, maana muziki ulioandikwa kuanzia enzi za Beethoven hautamtoshea kwingine. Naye mpigaji wa taarabu ana swali ambalo hesabu hailijibu kabisa: je, kinanda kinaweza kurekebishwa kitoe zile sauti zinazokaa katikati ya kibonyezo na kibonyezo, ambazo maqamu za Kiarabu huzitaka na udi huzitoa bila taabu? Kisipoweza, hata vibonyezo mia havitamsaidia.

Nilipomaliza, mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akamwambia kijana alete orodha ya nyimbo kumi wanazoziimba zaidi, azipige zote mbele ya kamati, waone ni wapi atakosa kibonyezo. Ni kipimo kizuri kuliko hotuba yangu, na namsihi kila anayetaka kununua kinanda akitumie kabla ya kufungua pochi.

Ama vile vibonyezo 27, Mzee, havikukatwa na mtu. Havikuwahi kuwamo.