Koltani: kwa nini asidi ya batri haiiwezi, na ni asidi gani inaiweza

Chukua koltani ya Rubaya, kule Masisi, uimwagie maji ya batri. Utangoja mpaka kesho, koltani yenyewe itabaki vile vile. Tantali, ile metali inayotafutwa ndani yake, haishindwi hata na mchanganyiko wa asidi unaoyeyusha dhahabu. Msweden Anders Gustaf Ekeberg, aliyeigundua mwaka 1802, aliipa jina la Tantalus, mtu wa hadithi za Wagiriki aliyesimama ndani ya maji bila kuweza kuyanywa.

Nguvu hiyo inatoka kwenye ngozi. Tantali ikikutana na hewa inashika oksijeni mara moja na kujivika ngozi ya oksidi, nyembamba sana, jicho haliioni. Ukiikwaruza, inajifunga tena. Titani na niobi zinafanya vile vile. Hata sufuria ya inoksi inalindwa na ngozi, ila ile ni ya kromi na si ngumu sawa na ya tantali.

Floridi ndiyo inayofungua ngozi hiyo, lakini si peke yake. Ndani ya maji yenye asidi kunakuwa kazi mbili: hidrojeni ya asidi inavuta oksijeni ya ile ngozi na kuigeuza maji, floridi nayo inazunguka tantali na kuishika, isirudi tena kuwa ngozi. Bila asidi, floridi inafanya kidogo sana, kwa hiyo dawa ya meno yenye floridi isikutie woga. Ukiongeza asidi ya nitriki, metali inaisha haraka zaidi, juu ya nitriki inatengeneza ngozi na floridi inaila papo hapo.

Ndivyo viwanda vya ng'ambo vinavyofanya: koltani inasagwa, inayeyushwa kwa asidi ya floridi, pamoja na asidi ya salfa, kisha tantali inatenganishwa na niobi. Mabaki yanalindwa kwa sababu koltani nyingi ina urani na tori kidogo. Huku kwetu mchimbaji anaosha kwa maji tu, na hiyo inatosha. Asiingie mtu akakudanganya kwamba kuna dawa ya kusafishia koltani nyumbani.

Asidi hiyo inakula hata kioo, ndiyo maana inawekwa kwenye chupa za plastiki. Inapatikana pia ndani ya dawa fulani za kuondoa kutu. Ikiwa nyepesi inaweza kugusa mkono usisikie maumivu mpaka saa kadhaa zipite, huku inapenya ndani na kukamata kalsiamu ya mwili, na moyo unaweza kusimama. Ikikugusa, vua nguo zilizolowa, mwaga maji mengi palepale, halafu kimbia kituo cha afya hata kama hauumwi. Beba jina la dawa na useme wazi neno «floridi», ili muganga atafute glukonati ya kalsiamu.